Mwanga ni Mzuri, Ila

Tausi Kilavo aliingia nchi ya Utazamo katika Wiki ya Milango, na ndiyo maana siku yake ya kwanza huko aliimalizia nje. Kila mlango ulikuwa na watu mbele yake. Wengine walipiga magoti, wengine walilala kifudifudi, wengine walipanda juu ya viti, wote jicho moja limefumbwa na jingine limegandamana na kamera. Mlango wa nyumba ya wageni ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, wa mvule mkongwe uliopasuka katikati, kwa hiyo foleni yake ilikunja kona na kupotelea mtaa wa pili. Tausi alipouliza kwa upole kama angeweza kupita na begi lake, mwenye nyumba alimtazama kwa huruma.

"Dada, ukipita sasa hivi utaharibu kivuli. Subiri jua ligeuke."

Jua likageuka. Watu waliotaka kivuli wakaondoka, wakaja waliotaka jua la jioni, nao walikuwa wengi zaidi. Tausi akakaa juu ya begi lake.

Kwao Muheza alikuwa na studio ndogo karibu na stendi: picha za pasipoti siku za kazi, harusi na maulidi mwisho wa wiki. Alikuwa amesikia kwamba iko nchi ambayo kila raia, tangu mwashi hadi hakimu, ni mpiga picha, na kwamba huko watu hukutana kila wiki kuoneshana kazi zao na kukosoana ili wapate kukua. Alitamani jambo hilo kama mwenye kiu anavyotamani kisima. Jinsi alivyosafiri hadi kufika si habari ya kumchosha msomaji. Njia ilikuwa ndefu na yenye vumbi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipopita mwanamke mzee, amevaa buibui lililopauka, anatembea taratibu huku kiganja kikigusagusa ukuta. Watu waliokuwa wamelala chini waliinuka haraka wakampisha.

"Nani anayehema hapa kwa uchovu?" aliuliza yule mama.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi, mgeni."

"Marahaba, mwanangu. Njoo kwangu. Mlango wangu hakuna anayeupiga picha, wananiogopa."

Huyo alikuwa Bi Hidaya, Mhakiki Mkuu wa Utazamo. Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili, kitanda cha ziada na chai ya tangawizi. Tausi aliona kwamba alipomimina chai, Bi Hidaya alitanguliza ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Akadhani ni desturi ya huko, kwa sababu desturi za huko zilikuwa nyingi.

Zilikuwa nyingi kweli. Kila Jumapili, Katibu wa Mada, Bwana Sudi Makwega, alipanda juu ya paa la ofisi yake na kutangaza mada ya wiki kwa kipaza sauti. Tangu hapo nchi nzima iligeukia kitu hicho kimoja. Katika Wiki ya Moto watu walikula viporo, maana hakuna aliyekubali sufuria ifunike ndimi za moto. Katika Wiki ya Upweke walipanda kilimani kwa makundi wakagombania jiwe moja ambalo mtu mpweke angependeza kulikalia. Wiki ya Machozi wazazi hawakupenda kuizungumzia, lakini watoto waliikumbuka, na baadhi yao bado walikuwa na alama za kufinywa.

Jumamosi picha zote zilitundikwa kwa vibanio kwenye kamba ndani ya ukumbi mkubwa, na wahakiki wakakaa benchi la mbele. Sheria za ukumbi zilikuwa zimeandikwa ukutani. Mhakiki sharti aanze na sifa. Kwa kuwa sifa ni ngumu kupata, miaka ilivyopita ilibaki moja tu, nayo ni "mwanga ni mzuri." Baada ya hapo hufuata "ila," na neno hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote katika nchi, yasemekana watoto walilitamka kabla ya kusema mama. Mwenye picha haruhusiwi kufungua kinywa. Wala hairuhusiwi mtu yeyote kuuliza nani yumo ndani ya picha, au ilikuwaje.

"Picha inayoelezwa ni chai iliyoongezwa maji," Bwana Sudi alimfafanulia Tausi kwa heshima. "Tunatazama mistari, rangi na mpangilio. Mambo ya watu tunayaacha nje, na viatu."

Na picha iliyotoka nje ya mada hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa imegeuzwa uso. Ikitokea mara tatu kwa mtu yuleyule, kamera yake huchukuliwa, ikatundikwa ofisini kwa mwaka mzima.

Jumamosi ya Milango, mama mmoja alileta picha ya mumewe anapiga mwayo. Ubishi uliozuka ulikula asubuhi yote.

"Kinywa ni mlango," walisema wa upande mmoja. "Maneno hutokea humo, chakula huingilia humo."

"Basi na pua ni dirisha!"

"Wiki ya Madirisha ilishapita, mzee wangu."

Ikaundwa kamati. Kamati ikatoka, ikanywa chai, ikarudi na uamuzi kwamba kinywa kikiwa wazi ni mlango, kikifumbwa ni ukuta. Mwayo ukapita. Bi Hidaya akaombwa kuhakiki.

"Mwanga ni mzuri," alisema, "ila umekata upande wa kushoto."

Mama yule akainamisha kichwa, akaandika kiganjani: kushoto.

Ndipo ikafuata picha ya fundi baiskeli aitwaye Chande, mtu wa makamo mwenye mabega mapana na mikono ambayo haikujua ijiweke wapi. Picha yake haikuwa na mlango. Haikuwa na kitu, kwa kweli. Ilikuwa ya kijivu, imetikisika, na pembeni ina doa kama mtu amemwagia chai. Ukumbi ukaguna. Wiki ya Ndege, watu walinong'ona, alileta picha hiyohiyo.

"Mwanga ni mzuri," alisema Bi Hidaya, "ila umekata upande wa kushoto."

"Nje ya mada," akasema Bwana Sudi. "Mara ya pili."

Chande akapokea picha yake imegeuzwa uso. Akaifuta kwa mkono wa shati, akaifunga ndani ya kipande cha kanga, akaenda kukaa nyuma.

Alasiri, walipokuwa wakichambua mchele barazani, Bi Hidaya aliuliza kama mtu anayepitisha muda, "Ile picha ya Chande uliionaje?"

Tausi akamweleza: kijivu, umbo kama la mtu lakini halijatulia, doa pembeni. Bi Hidaya akaacha mchele.

"Umbo limesimama au limekaa?"

"Nadhani limeinama kidogo."

"Na karatasi yenyewe? Mpya, au imeshikwashikwa?"

"Imeshikwa sana, bibi. Kingo zimelainika kama noti ya zamani." Tausi aliutazama ule ungo: mawe yalikuwa bado yamo kwenye mchele upande wa Bi Hidaya, meupe kwa meusi, ilhali vidole vyake vilikuwa vikiokota kwa kupapasa. Akakumbuka kiganja ukutani, na kidole ndani ya kikombe. "Bibi. Huoni?"

Bi Hidaya alikusanya mchele katikati ya ungo.

"Ilianza Wiki ya Ukungu," alisema. "Kila mtu alileta ukungu, nikadhani ni mada. Wiki ikaisha, ukungu wao ukaondoka, wangu ukabaki. Sasa ni mweupe mtupu."

"Na ukumbini unafanyaje?"

"Kwani kazi ile inahitaji macho?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nawaambia wamekata upande wa kushoto. Hakuna aliyewahi kunibishia. Kila mtu anajua moyoni mwake kwamba kuna kitu amekikata."

Tausi naye akacheka, halafu akaona aibu kwa kucheka. Akauliza kwa nini asistaafu tu akapumzika.

"Wapo waliostaafu. Huku kwetu asiyeona hupelekwa Nyumba ya Pumziko, kule ng'ambo ya mto. Si mahali pabaya, nisiseme uongo. Vitanda visafi, uji kwa wakati. Ila hakuna Jumamosi." Akaanza tena kupapasa mchele. "Sikuzaa, mwanangu. Mume wangu alitangulia. Jumamosi nasikia watu wanavyovuta pumzi picha yao inapofikiwa. Nawajua wote kwa pumzi zao. Ukininyang'anya hiyo sijui nitabaki na nini."

Tausi akausogeza ungo upande wake, akayatoa mawe yote. Baadaye akasema, "Jumamosi nitakaa karibu yako. Nitakunong'oneza."

Mada iliyotangazwa ilikuwa Wekundu. Nyanya ziliisha sokoni siku hiyohiyo, zikapangwa madirishani kupigwa picha hadi zikaoza, na mchuzi wa wiki ile ulikuwa mweupe nchi nzima. Jogoo mmoja mwenye upanga mwekundu kichwani alipata umaarufu mkubwa hata akaacha kuwika.

Jumamosi Tausi aliketi ubavuni mwa Bi Hidaya. Mgeni aliruhusiwa kukaa na mwenyeji wake, na hakuna aliyeshangaa. Picha ya kwanza ilipofikiwa akainamia sikio la mzee. Alijaribu kunong'ona mistari na mpangilio, akashindwa. Kwao Muheza hakufundishwa hivyo. Akasema alichokiona: "Mama anamfunga binti yake kilemba chekundu. Binti kanuna."

"Mwanga ni mzuri," akasema Bi Hidaya, "ila..." Akasita. "Ila binti huyu hakitaki kilemba."

Mtu mmoja ukumbini akacheka, halafu wengine. Mwenye picha, ambaye sheria ilimfunga kinywa, alitikisa kichwa kwa nguvu, kwamba ndiyo, hakitaki kabisa, tena wamegombana njia nzima.

Iliendelea hivyo. Kwa mzee aliyepiga picha kiatu chekundu kimoja, Bi Hidaya alisema kiatu hicho kinamsubiri mtu. Kwa msichana aliyepiga tone la damu kidoleni, alisema, "Pole." Wahakiki wenzake wakaanza kutazamana. Bwana Sudi alikunja uso, akafungua kitabu chake cha kanuni, hakuona kifungu kinachokataza pole.

Kisha Chande akatundika picha yake. Ilikuwa ileile.

Safari hii ukumbi haukuguna. Watu walijua kitakachofuata, na wengi walimpenda. Alikuwa akiwatengenezea baiskeli. Bwana Sudi alijikohoza.

"Mada ni wekundu. Picha hii ni ya kijivu. Mhakiki Mkuu aseme neno lake, kisha sheria ifuate."

Bi Hidaya aliinamisha sikio. "Niambie, mwanangu."

Tausi aliitazama picha. Angeweza kubuni kitu, ua jekundu, kitambaa, lakini ukumbi mzima ulikuwa na macho. Akaitazama tena.

"Sijui, bibi," alinong'ona. "Naona ukungu tu. Sijui ni nini."

Bi Hidaya angeweza kusema maneno yake ya siku zote, na Chande angetoa kamera, na wote wangekwenda nyumbani kula. Badala yake mzee akashika ukingo wa benchi, akasimama.

"Mimi sioni," alisema.

"Hata sisi hatuoni, bibi," akasema Bwana Sudi. "Picha yenyewe haionekani."

"Sudi, mwanangu, nisikilize. Sioni hiyo, wala ya kabla yake, wala ya mwaka jana. Macho yangu yamekufa." "Kwa hiyo sina budi kuuliza. Chande, uko wapi? Nieleze. Humo ndani kuna nani?"

Kelele zilizozuka hapo hazina mfano. Wapo waliolia sheria, wapo waliolia Bi Hidaya, na mhakiki mmoja alijiuzulu papo hapo, kisha akakaa. Lakini Chande alikuwa amekwisha kusimama, na kelele zikajifia zenyewe, maana hakuna aliyewahi kusikia mwenye picha akisema.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe ndiye uliyepiga?"

"Hapana, bibi. Mimi ndiye nimo humo. Nimeinama na bakuli la uji. Aliyepiga ni binti yangu, Semeni." Mikono yake ilitafuta mahali, ikakamata kanga. "Alikuwa hawezi kuinuka kitandani. Siku hiyo akasema, baba, nipe kamera, leo mimi nitakupiga wewe. Vidole vilikuwa vinamtetemeka, ndiyo maana hakuna kilichotulia. Akapiga moja tu. Akasema imetosha, amechoka, nyingine kesho."

Hakuna aliyeuliza habari ya kesho.

"Mbona uliileta Wiki ya Ndege, baba?" Bi Hidaya aliuliza kwa upole.

"Ndiyo niliyoachiwa. Nyingine sina hamu ya kupiga. Nilikuwa nafikiri, labda Jumamosi moja mtu atasahau sheria, aniulize."

Bi Hidaya alinyoosha mkono mbele, hewani, na Chande akapita katikati ya watu, akaja akaushika. Tausi alisogea akampisha nafasi kwenye benchi.

Bwana Sudi alikuwa amebaki peke yake mbele ya kamba. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisogelea picha hadi pua ikaribie kuigusa. Alikaa hivyo muda mrefu kwa mtu mwenye cheo.

"Na hili doa la pembeni?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ni kidole chake, Bwana Katibu. Hakujua kushika kamera, alikiweka mbele ya lenzi. Jua la dirishani lilipita humo."

Wale wa mbele wakainuka kutazama, na wa nyuma wakawainukia. Doa lile lilikuwa jekundu. Haukuwa wekundu wa nyanya wala wa jogoo. Ulikuwa ule wa nyama ya kidole cha mtoto anapokiweka mbele ya taa kuona kilichomo ndani.

"Ndani ya mada," alisema Bwana Sudi. Akagonga muhuri wa kukubali picha, akaugonga tena mahali pasipohitajika, akaomba mkutano uahirishwe.

Sheria haikusahau, kwa sababu sheria haina moyo wa kusahau. Kamati ilikaa kumjadili Bi Hidaya. Ilikuwa wazi kwamba asiyeona asihakiki, hivyo akaondolewa benchi la mbele. Kuhusu Nyumba ya Pumziko walibishana mpaka wakachoka, ikaamuliwa jambo hilo liahirishwe hadi kikao kijacho. Na Utazamo, kama kwingineko, jambo lililoahirishwa limekwisha. Akapewa benchi la nyuma kabisa, karibu na vyungu vya maji, akae kama raia.

Jumamosi iliyofuata foleni ilianzia benchi hilo la nyuma. Watu walileta picha za wiki, kisha wakaanza kuleta za zamani, zilizopigwa muhuri na zilizogeuzwa uso. Yule mama wa mwayo alieleza kwamba mumewe alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, na kwamba alimpiga picha kwa sababu alifurahi kumwona amerudi. "Basi huko kushoto kulikuwa na nini?" aliuliza Bi Hidaya, akicheka. "Viatu vyake, bibi. Nilivikata." Chande alikuwa pembeni akiwaonesha watu pa kukaa.

Tusiseme mambo yote yalinyooka. Benchi la mbele waliendelea na mwanga wao na ila yao, na walikuwa na wafuasi. Wengine walianza kuleta picha zilizopigwa ovyo pamoja na maelezo marefu ya kuliza, na Bi Hidaya aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia warudi wakapige tena. Wakazuka pia waliodai ateuliwe Katibu wa Maelezo.

Asubuhi ya kuondoka, Tausi alifunga begi lake akaja barazani kuaga. Bi Hidaya alikuwa amekaa mkekani, uso ameuelekeza kwenye joto la jua.

"Umekaa kwetu wiki zote hizi," alisema, "hujanionesha hata picha moja yako."

"Nimepiga harusi za mji mzima, bibi, lakini zote ni za watu. Ninayoitamani sina. Ni ya mama yangu. Alikuwa hapendi. Akiona kamera tu anajifunika uso na kanga, anacheka. Mpaka amefariki hakunipa nafasi."

"Nieleze hiyo hiyo."

"Ipi, bibi? Haikupigwa."

"Hiyo anayojifunika."

Tausi akasita, begi likiwa begani. Akaanza polepole. Mama amechuchumaa uani. Kanga ameivuta mpaka puani, ncha moja ameiuma. Mabega yanamtikisika. Yeye Tausi amesimama mbele na kamera anasema, mama jamani, mara moja tu.

Bi Hidaya alisikiliza huku amekunja nyusi, kama alivyokuwa akifanya benchi la mbele.

"Mwanga ulitoka upande gani?"

Tausi alitaka kucheka. Mzee hakuwa ameacha kazi. Lakini alipofungua kinywa kujibu alikuta jibu lipo, na hakuwa amejua kwamba analo.

"Chini," alisema. "Ulitoka chini, bibi. Alikuwa anapepea makaa. Ulimkaa hapa kidevuni, ukapita kwenye kanga, ukaonesha meno."

"Kumbe alikuwa anacheka kwelikweli," alisema Bi Hidaya, naye uso ukamkunjuka. "Enhe. Na jikoni kulikuwa na nini?"

Tausi akashusha begi, akakaa mkekani, akaendelea.